Chumba Kilichokula Hewa

Feri ya Bonaca ilipandishwa kwenye chelezo mwanzoni mwa Mei, tumbo limejaa kome na majani ya baharini. Siku ya pili yake Vedrana Škarpa akaja na mkoba wake wa kupimia.

Pale karakanani sote tulimjua. Ni binti wa muoka mikate wa Brusna, kisiwa hicho hicho ambacho Bonaca ilikuwa ikikihudumia tangu sisi wengine tukiwa shule. Alisomea uhandisi Split, akabaki huko, akawa mtu wa kuzunguka pwani nzima akipima kutu imekula meli kiasi gani na chuma kilichobaki kina umri gani. Mimi, Krševan, kazi yangu ilikuwa mashine ya upepo: kupuliza mchanga ili rangi ya zamani ibanduke, kisha kupuliza rangi mpya. Kwa hiyo nilikuwa nyuma yake karibu muda wote, nikisubiri aniambie wapi nisugue na wapi nisiguse.

Aliyeumizwa zaidi na vipimo hivyo alikuwa barba Tonči. Barba ndivyo tunavyomwita mwanamume wa bahari aliyetuzidi umri, awe ndugu au asiwe. Alikuwa serahangi wa Bonaca, mkuu wa mabaharia wa sitaha, na hakuna bamba la meli ile ambalo hakuwahi kulikwangua na kulipaka kwa mikono yake mwenyewe. Kila Vedrana alipoandika namba ubavuni kwa chaki, mzee aliisoma kwa sauti kama mtu aliyetukaniwa mama.

"Saba nukta nane! Hiyo mashine yako imelewa."

"Barba, mashine hainywi."

"Basi kalewa aliyeishika. Baba yako anatia nini kwenye mikate siku hizi?"

"Chumvi. Hiyo hiyo inayokula meli yako."

Tulicheka, na mzee naye akacheka, lakini alirudi kuitazama ile namba mara mbili.

Kazi yenyewe haina maajabu kwa mtu anayetazama. Vedrana anasugua doa dogo mpaka chuma king'ae, anapaka mafuta mazito, anabana kifaa. Kifaa kinapeleka sauti ndani ya bamba na kusikiliza inavyorudi, kisha kinasema unene. Ubavu wa Bonaca ulizaliwa na milimita kumi. Ukijua ulipoanzia na ulipofika, na miaka iliyopita katikati, unaweza kukadiria unapungua kwa kasi gani na lini utafika pale ambapo haufai tena kubeba watu. Ndipo unapanga: hapa tukate sasa, hapa tupake rangi tusubiri, hapa turudi kutazama mwakani.

Tatizo ni kwamba kutu haifuati hesabu ya mtu. Mahali pengine inakwangua taratibu, sawasawa, miaka nenda rudi. Mahali pengine inachimba kishimo kama jino bovu, na bamba linabaki zuri kuzunguka kishimo hicho mpaka siku maji yanapoingia.

Siku ya tatu upepo wa bura ulikuwa unashuka mlimani kwa hasira, ule wa baridi unaopeperusha mabati. Tulijibanza nyuma ya ukuta wa bohari tukala marenda, chakula chetu cha saa nne: dagaa wa kuchoma, mkate, na divai iliyotiwa maji. Lovre Matulić, msimamizi wa meli wa kampuni yenye Bonaca, hakula. Alikuwa mtu mwungwana, lakini msimu wa watalii ulikuwa unamjia mbio, na Brusna haina feri nyingine.

"Vedrana, nipe jibu moja tu," alisema. "Nikikata mabamba uliyoyatia alama nyekundu, naondoka hapa mwanzoni mwa Juni?"

"Hayo mekundu si shida. Shida ni nyuma, upande wa kushoto, karibu na mlango wa magari."

"Pale namba si mbaya."

"Si mbaya, lakini nje hakuna kutu. Rangi imeshika, hakuna hata kipele. Na bado bamba limepungua. Sasa niambie, nani anakula?"

Barba Tonči alishusha bilauri yake. "Nyuma ya pale hakuna kitu. Ni chumba kitupu, kimefungwa. Hakijaona maji tangu meli ijengwe."

"Umewahi kuingia, barba?"

"Nitaingilia wapi? Mfuniko uko chini ya sakafu ya mpira, chini ya kabati la majaketi ya kuokolea. Waliweka sakafu hiyo nikiwa bado na nywele."

"Basi hujui kama hakijaona maji."

Mzee aliichukua tena bilauri yake. Hakuchukizwa na kubishiwa. Kilichomchoma, nadhani, ni kuambiwa mbele yetu kwamba kulikuwa na pembe ya meli yake ambayo yeye hajui ikoje.

Lovre alijaribu kuomba. Kufungua pale kungepoteza siku. Kwa nini wasipige wastani wa namba za nje, wakaacha mpaka Oktoba?

"Wastani utakwambia una miaka mitatu," Vedrana alisema. "Kama kuna vishimo ndani, huna hata kiangazi kimoja. Siwezi kukadiria bamba nililoliona upande mmoja, Lovre. Na siwezi kutia saini. Baba yangu anapanda feri hii."

Wakaondoa kabati. Sakafu ya mpira ikakatwa kwa kisu, na chini yake, kweli, kulikuwa na mfuniko wa chuma wa umbo la yai, bolti zake zimegandana. Duje alizifungua. Duje ni mtoto wa barba Tonči, mwanamume mzima wa miaka thelathini na kitu, mchomeleaji wetu, mabega kama mlango. Bolti kadhaa alizipasua kwa moto. Ile ya mwisho ilipolegea, mfuniko ukatoa mlio mrefu. Niliusikia vizuri kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu: haukuwa mlio wa hewa inayotoka. Ilikuwa hewa inayoingia. Chumba kilikuwa kinavuta pumzi.

Vedrana naye alisikia. Uso wake ulibadilika.

"Mtu asiingize hata kichwa," alisema. "Mmenisikia? Kutu inakula hewa. Chumba kimefungwa miaka yote hii, kimekula hewa yote iliyokuwamo. Krševan, vuta mpira wa upepo uje hapa, tupulize mpaka kesho. Kipima hewa changu kiko garini, nakifuata. Barba, nakuachia wewe."

"Mimi si mtoto," mzee alijibu.

"Najua. Ndiyo maana nakuachia wewe."

Alishuka ngazi akikimbia. Lovre alikuwa pembeni na simu, anajikinga bura kwa koti. Duje alibeba chupa zake za gesi kuzirudisha chini. Mimi nilikuwa ukingoni mwa meli, nimeinama, navuta mpira mzito kutoka kwenye mashine yangu iliyokuwa nchi kavu.

Nilipogeuka, barba Tonči alikuwa amepiga magoti kando ya shimo, anamulika tochi ndani.

"Maji," alisema, si kwangu, kwa nafsi yake tu. "Kuna maji, mama yangu."

"Barba, toka hapo!"

"Natazama tu yanakotoka. Dakika moja." Na mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye kingazi cha ndani.

"Barba!"

"Acha kelele, Krše, nimeingia mashimo mengi kabla hujazaliwa."

Niliuachia mpira nikakimbia. Nilikuwa bado mbali kidogo niliposikia sauti yake kutoka chini, tulivu kabisa, ikisema, "Hapa kuna..." Haikumaliza. Tochi ilianguka, ikagonga chuma mara kadhaa. Kisha kikafuata kishindo kizito, laini, ambacho mpaka leo nikiangusha gunia nakikumbuka.

Nilipiga ukelele. Lovre aliitupa simu. Lakini Duje alikuwa ameshaanza kupanda ngazi kurudi, akasikia jina la baba yake, akanipita kama gari. Alikaa ukingoni mwa shimo akatumbukiza miguu.

Sijui Vedrana alitokea wapi. Nilichoona ni mwanamke asiyefika begani kwa Duje akimrukia kwa nyuma, kamkaba shingo kwa mkono mmoja na mkono mwingine umeshika mkanda, na wote wawili wakianguka chali kwenye sitaha.

"Niache! Baba yumo ndani!"

"Najua yumo!"

"Niache nitakuua!"

"Niue, lakini hushuki! Ukishuka utalala juu yake, na mimi nitatoa maiti mbili!"

Duje alimpiga. Sikumlaumu, na yeye Vedrana hakumlaumu kamwe. Alimpiga kiwiko cha mdomo, damu ikatoka, na bado Vedrana hakuachia. Alimzungushia miguu kiunoni kama mtoto anayebebwa. Akanipigia kelele na mdomo ule unaovuja damu: "Krše, mpira! Utupe ndani, puani kwake! Fungua upepo! Lovre, mtungi wa hewa wa zimamoto, kwa nahodha juu!"

Niliurudia mpira nikauteremsha shimoni. Mwanga wa tochi iliyoanguka ulionyesha viatu vya mzee na upande wa uso wake, chini ya kingazi kabisa, shavu limelala kwenye tope jekundu. Hiyo ndiyo ilikuwa bahati yake, kwamba alianguka moja kwa moja chini ya tundu na si kule ndani. Niliusogeza mdomo wa mpira mpaka ukafika karibu na kichwa, nikaufunga kamba kwenye kingazi, nikamwashiria mwenzangu aliyekuwa kwenye mashine nchi kavu afungue. Upepo ukaunguruma. Tope likaruka. Shati la mzee likaanza kupepea, na kwa muda mfupi wa kijinga nilidhani anatikisika mwenyewe.

"Anapumua?" Duje aliuliza. Alikuwa ameacha kupigana. Alikuwa amelala kifudifudi, kidole chake kimoja kimeshika ukingo wa shimo, na Vedrana amemlalia mgongoni kwa uzito wake wote. "Krše, nakuuliza, anapumua?"

"Sioni."

"Baba! Baba, mimi hapa! Pumua, baba!"

Aliinamisha kichwa kwenye shimo ili mzee amsikie, na Vedrana akamvuta nywele akamrudisha. Kipima hewa chake kilikuwa kimeangukia sitahani wakati ule wa kurukiana. Alikifunga kwenye kamba yake ya kupigia mistari ya chaki akakiteremsha. Hakikuchelewa kulia. Alipokivuta juu tulisoma wote: saba kwa mia, mahali ambapo mtu anahitaji ishirini na moja. Na hiyo ilikuwa baada ya mpira kuanza kupuliza.

Bura ilikuwa inavuma juu ya vichwa vyetu kiasi cha kutuangusha. Hewa yote ya Adriatiki ilikuwa inapita pale juu, na mtu alikuwa anakufa kwa kuikosa, umbali wa urefu wa kitanda.

Lovre alirudi na mtungi wa hewa na barakoa, anahema. Duje alinyoosha mkono auchukue.

"Tazama shimo," Vedrana alimwambia. "Tazama mabega yako. Hupiti na mtungi. Mimi napita."

Waliangaliana. Sijawahi kuona mtu akitazamwa namna ile, chuki na dua pamoja.

"Mtoe," Duje alisema.

Vedrana alitema damu, akavaa barakoa, akapita yeye kwanza, miguu, kiuno, mabega kwa kukingama, na mimi nikimpa mtungi nyuma yake kama ninayemshushia mtoto kisimani. Tulimsikia akipumua ndani ya barakoa, sauti ile ya kukwaruza. Tukamteremshia kamba ya kumfungia mzee. Kulikuwa na kazi ya kumgeuza mzee, kwa sababu alikuwa mzito na tope lilimshika, na Vedrana aliteleza, tukasikia kichwa chake kikigonga chuma, pumzi zake zikakatika.

"Vedrana!" Lovre aliita. "Vedrana, jibu!"

Hakuna.

Duje aliniangalia. Alikuwa ameanza kuvua koti. Namwomba Mungu anisamehe, nilimshika, lakini sidhani kama ningemzuia.

Kisha kamba ikavutwa kutoka chini, mara mbili, kwa nguvu.

Tulivuta. Mzee alipanda, kichwa kikafika kwenye tundu, mabega yakakwama. Tulishusha, tukavuta tena, yakakwama tena. Kutoka chini Vedrana aliusukuma mkono mmoja wa mzee juu, upite kabla ya mwenzake, na safari hii mzee akatoka kama kizibo, kijivu, midomo ya zambarau. Duje alimlaza akaanza kumpulizia mdomoni. Hakuhitaji kufundishwa, sote hufundishwa kila mwaka na sote hucheka tukifundishwa. Siku ile hakuna aliyecheka. Alipuliza, akasikiliza, akapuliza. Mimi na Lovre tulikuwa tunamtoa Vedrana, nikakosa kuona wakati wenyewe. Nilisikia tu kikohozi, kibaya, cha mtu anayetapika bahari, na Duje akilia kwa sauti kama ng'ombe.

Gari la wagonjwa lilimchukua mzee. Duje akaenda naye. Vedrana alibaki amekaa kwenye ngazi, barakoa mapajani, jino moja la mbele halipo.

"Sikupaswa kumwacha pale," alisema.

"Ulimwambia."

"Nilimwambia mtu ambaye nilikuwa nimemkera siku tatu. Sikupaswa kumwacha."

Nilimletea maji asukutue mdomo.

Wakaguzi walikuja, wakauliza maswali yao, Lovre akajibu bila kumsukumia mtu mwingine. Tulipuliza hewa chumbani siku kadhaa, kipima kikakaa kimya, ndipo Vedrana akashuka tena na mimi nikashuka naye kumshikia taa. Maji yalikuwa yakipenya polepole kutoka kwenye bomba la sitaha lililotoboka, miaka na miaka. Kuta zilikuwa zinabanduka kwa tabaka, kama keki. Alikwangua, akabana kifaa: nne nukta moja. Tatu nukta sita. Sehemu moja, chini kabisa, hakubana kifaa. Aligonga kwa nyundo ndogo na ncha ikatokea nje, mwanga wa jua ukaingia.

Alitazama lile tundu muda mrefu. Kule nje, kwenye chaki, pembeni yake kidogo tu, palikuwa pameandikwa saba nukta tano.

Mpango alioutoa haukuwa na mjadala. Ubavu wote wa nyuma ukatwe, mbavu za ndani zibadilishwe, vyumba vyote vilivyofungwa vifunguliwe na kuwekewa milango inayofunguka na bomba la hewa. Bonaca haisafiri majira yale. Brusna ililetewa boti ndogo isiyobeba magari, na wenye hoteli wakasema maneno. Wengine waliacha kununua mkate kwa baba yake Vedrana, kana kwamba yeye ndiye aliyetoboa meli. Mzee yule aliendelea kuoka, na mkate uliobaki akawapelekea wavuvi.

Barba Tonči aliishi. Madaktari walisema upepo wa mpira ndio uliomshikilia. Lakini hakurudi mzima: mkono wa kulia ulikuwa ukitetemeka, na majina yalimkimbia. Aliweza kukueleza namna ya kupiga fundo lolote, halafu akamuita mkewe kwa jina la dada yake.

Mabamba mapya Duje aliyachomelea mwenyewe. Hakutaka mtu mwingine aguse. Kiangazi kizima Vedrana alikuja kukagua kazi hiyo, akipitisha kifaa kwenye kila mshono, na kiangazi kizima Duje hakumsemesha ila kwa kazi. "Hapa." "Tayari." "Rudia wapi?" Nilidhani ni kinyongo, mpaka siku moja nilimkuta amesimama nyuma ya bohari, ananitazama kama anayetaka kukopa.

"Krše. Jino lake hajaweka."

"Muulize mwenyewe."

"Nitamwambiaje? Pole nilikuvunja jino ulipokuwa unaninyima kufa?"

"Hayo hayo yanatosha."

Hakwenda siku ile. Alikwenda Septemba, wakati wa kufunga mlango mpya wa chumba. Vedrana alikuwa ameinama anapima hewa kabla ya mtu kuingia, kama alivyotulazimisha sote kufanya siku hizo. Duje alisimama juu yake na kofia ya kuchomelea mkononi.

"Kila usiku nashuka mle," alisema. "Nikilala. Nashuka na hunishiki."

Vedrana hakuinua kichwa mara moja. Alisubiri kipima kimalize. Kisha akasogea, akapiga sitaha kando yake kwa kiganja, na Duje akaketi.

"Mimi nashuka na simpati," Vedrana alisema. "Napapasa tope tu."

Walikaa hapo, wawili, miguu ikining'inia kwenye shimo lenye hewa safi. Sikukaribia. Nilizima mashine yangu wasikilizane vizuri, nikaenda kula.